Mwongozo wa kuuza mtandaoni kwa mwenye biashara ndogo: anza na inboksi, posti zifuate

Akaunti nyingi za biashara ndogo ukizipitia utakuta hali moja. Posti zipo kila siku, laiki zipo, komenti za "nzuri sana" na vimoto zipo, ila mwenye akaunti ukimuuliza mauzo anakuna kichwa. Na mara nyingi yeye anaamini tatizo ni folowazi wachache, anahangaika na mbinu za kukuza akaunti, wakati ukiingia kwenye meseji zake unakuta watu kibao waliouliza bei tangu juzi na hakuna aliyejibiwa. Hao ndo walikuwa na hela, hao walioacha kimoto walikuwa wanapita tu.

Kwa hiyo huu mwongozo naupanga kinyume na ilivyozoeleka. Naanza na pale mteja anapotua, yaani kwenye meseji, alafu ndo tunarudi kwenye profaili, posti, na baadae kabisa hela ya matangazo. Mfano wangu karibu kote ni muuza viatu ili tusirukeruke, we kama ni fundi, mshonaji, mpiga picha au unafundisha watoto masomo ya ziada badilisha tu bidhaa.

Hatua ya 1: Andaa pa kupokelea watu

Kutangaza biashara wakati hujajipanga kujibu ni sawa na kualika wageni nyumba haina hata kiti.

Weka WhatsApp Business kwenye simu. Ni ya bure, ilitoka mwaka 2018, ni programu tofauti na WhatsApp ya kawaida na zote mbili zinakaa simu moja ilimradi kila moja iwe na namba yake. Ushauri wangu tafuta laini ya biashara peke yake, mteja anayesubiri mzigo wake hana haja ya kuona stetasi za harusi ya binamu yako.

Ukishaingia jaza profaili yote: unauza nini, saa za kazi, unapopatikana. Alafu katalogi. Inabeba mpaka bidhaa 500 ila we anza hata na kumi zinazotoka sana, kila moja picha safi, bei, na maelezo mafupi. Ukimaliza nenda kwenye majibu ya haraka, hapa wengi hawajawahi hata kupafungua. Unaandika jibu mara moja, unalipa jina fupi, kesho ukiandika alama ya mkwaju, hii hapa /, na lile jina, jibu zima linatokea, unalirekebisha kidogo unatuma. Tengeneza la usafiri, la jinsi ya kulipa, la kubadilisha kiatu kisipoenea. Hayo matatu tu yatakuokolea muda mwingi sana kwa siku.

Kuna ujumbe wa salamu pia, unajituma wenyewe mtu akikuandikia mara ya kwanza au akirudi baada ya siku 14 za ukimya. Uandike mfupi. "Karibu. Tuambie kiatu ulichokiona na namba ya mguu wako, tunajibu ndani ya saa moja, saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku." Kama saa moja huiwezi andika masaa matatu, mteja hana shida na masaa matatu, shida yake ni kuambiwa saa moja alafu anajibiwa kesho.

Mwisho tengeneza linki. Andika wa.me/ alafu namba yako kuanzia namba za utambulisho wa nchi, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Mtu akiigusa anatua kwenye chati yako bila hata kuseva namba. Ijaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla hujaiweka popote, kuna akaunti zinakaa miezi na linki iliyokufa na mwenyewe hana habari.

Hatua ya 2: Jifunze kujibu

Hapa ndo pana hela, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua meseji ya kawaida kabisa: "Habari, zile raba nyeupe namba 39 zipo?" Jibu ambalo wauzaji wengi wanatoa ni "zipo". Basi. Mteja anauliza tena "bei gani", anakaa nusu saa, anajibiwa namba tupu. Anauliza "mnatuma?", anajibiwa "ndio". Maswali matatu, kila moja anasubiri, na kumbuka huyu mtu ameuliza maduka mengine manne kwa wakati huohuo kwa sababu kukopi meseji na kuituma sehemu tano ni kazi ya sekunde kumi. Anayekamilisha maelezo wa kwanza ndo anauza.

Jibu zuri linafanana na hivi: "Salama dada, karibu. 39 nyeupe ipo, imebaki moja. Bei yake ni hii hapa. Nakupigia picha ya hiyo yenyewe sasa hivi uione. Ukiniambia uko maeneo gani nakupa na gharama ya usafiri, ikitoka leo unaipata kesho." Umejibu alichouliza, umejibu alichokuwa anaenda kuuliza, na mwisho umemwachia kitu kimoja chepesi cha kujibu, mahali alipo. Hiyo picha uliyopiga papo hapo, hata ikiwa na kivuli, inamshawishi kuliko ile ya kwenye posti maana anajua kiatu kipo kweli na wewe upo kweli.

Kuhusu majina, kama hujui ni mwanaume au mwanamke sema tu "karibu sana" uendelee. Haya mambo ya kumuita kila mtu "mpenzi" na "dia" kuna wateja yanawakera na hawatakuambia, wataondoka tu.

Alafu "bei inboksi". Najua sababu zinazotolewa, washindani wasione, kila mteja ana bei yake, posti ipate komenti nyingi. Mshindani akitaka bei yako atakuandikia kama mteja na utampa. Na mteja akiona bei imefichwa anahisi mambo mawili, kwamba ni ghali, au kwamba utampima kwanza kwa picha yake ya profaili ndo umpangie. Weka bei. Kama kazi yako bei inategemea, mfano fundi, andika "kuanzia" na useme kinachoipandisha ni nini.

Mteja akinyamaza baada ya kupewa bei usimfukuzie. Mkumbushe mara moja siku inayofuata, tena kwa kitu chenye maana: "Dada ile 39 bado ipo, nikuwekee mpaka jioni?" Asipojibu mwache. Asiyenunua leo akiondoka vizuri anarudi, aliyesumbuliwa anabloku.

Na punguzo, wataomba. Amua mapema bei yako ya chini kabisa ni ipi na uiandike mahali, usiipange ukiwa katikati ya chati na mtu anakubembeleza.

Hatua ya 3: Chagua mtandao mmoja, ukizidi sana miwili

Huna timu. Wewe ndo unanunua mzigo, unapiga picha, unajibu, unafunga, unatuma. Ukifungua akaunti sita zote zitakuwa maiti ndani ya miezi miwili, na akaunti iliyokufa inatisha wateja zaidi ya kutokuwa na akaunti kabisa, mtu anaona posti ya mwisho ni ya mwaka juzi anajua mlishafunga.

Njia rahisi ya kuchagua: waulize wateja ulionao wanatumia muda wao wapi, alafu ingia kila mtandao utafute bidhaa yako kwa jina ambalo watu wanaliita. Panapotokea watu wanauliza "inapatikana wapi" ndo pako.

Kwa ujumla Instagram inafaa kitu kinachopendeza kwa macho. TikTok ina faida kwa anayeanza kwa sababu video inaweza kufika mbali hata kama folowazi ni thelathini, wenyewe walieleza mwaka 2020 kwamba idadi ya folowazi sio kigezo cha moja kwa moja kwenye kuchagua video za kumuonyesha mtu. Facebook nguvu yake iko kwenye magrupu na kwenye matangazo ya kulipia. YouTube ni ya kazi zenye maelezo, fundi anayeonyesha jinsi ya kurekebisha kitu video yake inatafutwa miaka na miaka. Ukiuza kwa maofisi fikiria LinkedIn. WhatsApp haipo kwenye hii hesabu, hiyo ni lazima.

Hatua ya 4: Safisha profaili

Badilisha akaunti ya Instagram iwe ya biashara, ni bure na ndo inakufungulia takwimu. Kwenye TikTok fahamu kwamba akaunti ya biashara inapewa muziki ulioruhusiwa kutumika kibiashara tu, ule wimbo unaotrendi unaweza usiupate. Wengine wanaona ni usumbufu wanabaki na akaunti binafsi, ila haki za muziki ni kitu cha kweli na video ya tangazo inaweza kunyamazishwa sauti, kwa hiyo mi naona uzoee kuongea mwenyewe kwenye video, sauti yako haina mwenye kuidai.

Bayo ya Instagram, yale maelezo mafupi chini ya jina lako, ni herufi 150. Hapo hapatoshi nukuu ya kutia moyo pamoja na cheo chako cha ukurugenzi. Mtu anataka kujua mambo matatu: unauza nini, unafika wapi, anakupataje. "Raba na viatu vya ofisini, namba 36 mpaka 45. Tunatuma popote nchini. Oda gusa linki hapa chini." Imeisha.

Kuna kitu kinasahaulika hapa. Ile sehemu ya jina, sio jina la akaunti bali lile linaloandikwa kwa herufi nzito juu ya bayo, inatumika kwenye utafutaji. Ukiandika jina la duka peke yake mtu anayetafuta "viatu vya kike" hakuoni. Ongeza bidhaa pembeni ya jina la duka.

Bandika posti tatu juu, Instagram inaruhusu hizo tatu: moja ya jinsi ya kuagiza, moja ya bidhaa inayouzika kuliko zote, moja ya wateja waliopokea mizigo. Stori zinafutika baada ya masaa 24, kwa hiyo zile za muhimu kama bei za usafiri ziweke kwenye Highlights, zile duara chini ya bayo.

Hatua ya 5: Posti zitoke kwenye maswali ya wateja

Watu wanaumia kichwa "leo nipost nini" wakati jibu liko kwenye simu yao. Fungua chati zako, pitia maswali ya mwezi mzima, kila swali lililoulizwa na watu watatu au zaidi liandike. Inachubuka? Namba zake ni kubwa au ndogo? Nikivaa kwenye mvua? Naisafishaje ikichafuka? Kisiponienea je? Hapo una posti tano tayari na zote zinajibu mtu ambaye alikuwa karibu kulipa. Ile ya "siku njema wapendwa" na picha ya maua achana nayo.

Chukua hilo la kuchubuka. Video yake ni ya sekunde ishirini. Usianze na salamu wala nembo ya duka ikizunguka, anza mkono wako umeshika kiatu unakikunja soli mpaka pua iguse kisigino, maana hizo sekunde mbili tatu za mwanzo ndo mtu anaamua kukaa au kupita. Juu ya video weka maandishi "hivi hii inachubuka kweli?" kwa sababu wengi wanaangalia wakiwa wamezima sauti. Alafu sogeza simu karibu kwenye mshono, pitisha kucha kwenye ngozi, chukua kitambaa chenye maji ufute tope. Ongea kama unavyomwambia mteja aliyesimama mbele yako. Malizia na bei na jinsi ya kuagiza. Hakuna kucheza, hakuna drone, na kama kweli kinachubuka usifanye hiyo video, badilisha msambazaji.

Kuhusu kupiga: futa kioo cha kamera kwanza, nusu ya picha zenye ukungu ni mafuta ya vidole tu. Kaa karibu na dirisha, mwanga utoke upande wa dirisha uangukie bidhaa, taa ya ndani zima maana inabadilisha rangi na mteja atakuja kusema ulimletea rangi nyingine. Video za Reels, yaani video fupi za Instagram, na za TikTok ni za wima, uwiano wa 9:16, na usiweke maandishi chini kabisa wala pembeni kulia, huko vitufe na kapsheni, yaani maandishi ya posti, vinayafunika. Kuedit CapCut inatosha, mabango Canva inatosha, zote zina toleo la bure.

Picha za kuchukua mtandaoni au za msambazaji acha. Najua zinapendeza. Lakini mteja akipokea kitu ambacho hakifanani na picha umempoteza yeye pamoja na wote atakaowaonyesha skrinishoti. Kama bidhaa ina kasoro ndogo, mkwaruzo au uzi umetokeza, ionyeshe na uishushe bei, watu wataiamini akaunti yako na hata zile nzima zitaenda.

Sasa kapsheni. Hii unaiona kila mahali: "Mzigo mpya wa moto umeshuka, wahi kabla haujaisha, bei inboksi." Hakuna hata neno moja ambalo mtu anaweza kulitumia kuamua. Linganisha na hii: "Raba nyeupe ya ngozi, soli imeshonwa sio gundi tupu. Namba 37 mpaka 42, inakuja kubwa kidogo kwa hiyo kama unavaa 39 chukua 38. Tunatuma, inafika siku moja au mbili. Andika namba ya mguu wako hapa chini tukuambie kama ipo." Na bei ikae mstari wa kwanza, kapsheni ikikatwa na ile "zaidi" bei ibaki inaonekana. Hashitagi weka chache zinazohusu bidhaa yenyewe, zile za kurundika za kila kitu chini ya jua hazikusaidii, siku hizi maneno uliyoandika kwenye kapsheni yenyewe yanasaidia kupatikana, kwa hiyo andika jina la kitu kama watu wanavyolitamka.

Shuhuda za wateja zinauza sana ila omba ruhusa kabla ya kuweka sura ya mtu, na kwenye skrinishoti ya chati funika jina, namba na picha yake. Mteja mmoja akikuta namba yake inaning'inia kwenye stori yako inatosha kukuharibia.

Hatua ya 6: Ratiba unayoiweza

Posti tatu kwa wiki zinazojibu swali zinazidi posti ishirini na moja za kukimbizana. Chagua nusu siku, panga bidhaa sita saba, badilisha shati katikati ukipenda, piga video zote, uzihifadhi. Kwa Facebook na Instagram kuna Meta Business Suite, programu ya Meta, kampuni inayomiliki hiyo mitandao, bure, unapanga posti za wiki nzima zinatoka zenyewe saa unayotaka. Saa gani? Usikariri saa za watu wengine, fungua takwimu za akaunti yako uone folowazi wako wanakuwa hewani muda gani, na upost muda ambao na wewe upo kujibu. Posti inayotoka saa 5 usiku ukiwa umelala inaleta meseji zitakazopoa mpaka asubuhi.

Stori ni tofauti, hizo zipige kila siku bila kujipamba, mzigo unafungwa, risiti ya usafiri, rangi mbili unauliza watu wachague.

Hatua ya 7: Aliyekwishanunua ni wako, mtunze

Mtu aliyewahi kukulipa hahitaji kushawishiwa kwamba wewe sio tapeli, hiyo kazi ngumu ilishaisha. Na bado wauzaji wengi wanamsahau siku ileile mzigo ulipofika.

Kwenye WhatsApp Business tumia lebo, mfano "anasubiri mzigo", "amenunua", "alitaka 39 nyeusi". Hiyo ya mwisho ndo tamu, mzigo ukiingia unafungua lebo unawaandikia watu wote walioikosa, hao wanalipa siku hiyohiyo. Kuna pia listi ya kutuma kwa wengi, moja inabeba watu 256, ila inamfikia tu yule aliyeseva namba yako. Kwa hiyo kila ukikabidhi mzigo mwambie "seva namba yetu kwa jina la duka, ofa tunaweka stetasi". Usimwingize mtu kwenye grupu bila kumuuliza, na usitume kila siku, mara mbili kwa mwezi tena ukiwa na jambo la maana inatosha.

Siku mbili tatu baada ya mzigo kufika uliza tu kiatu kimemkaaje. Hapo ndo ushuhuda unapatikana, na hapo ndo lalamiko linakufikia wewe kabla halijafika kwenye komenti.

Hatua ya 8: Hela ya matangazo, sasa ndo iingie

Januari 2018 Facebook walitangaza kwamba kwenye ukurasa wa habari watatanguliza posti za ndugu na marafiki kuliko za kurasa za biashara na vyombo vya habari. Kwa hiyo kama unashangaa kurasa yako ina watu elfu mbili na posti inafikiwa na watu hamsini, hujalogwa. Kufika mbali huko kunahitaji kulipia, swali ni kulipia vipi bila kuchoma hela.

Kwanza usilipie posti ambayo haijajithibitisha. Angalia ipi ilileta meseji nyingi bila hela, hiyo ndo ya kuisponsa. Pili, angalia sana lengo unalochagua. Mfumo unakutafutia watu wa aina uliyoomba, ukiomba laiki unaletewa watu wanaopenda kulaiki, na watalaiki kweli, alafu hela imeisha. Chagua lengo la kupata meseji na uelekeze WhatsApp. Tatu, maeneo. Tangazo lionekane tu kule unakoweza kufikisha mzigo kwa gharama inayoeleweka.

Kitufe cha kuboosti, kile cha kulipia posti iwafikie watu wengi, ni rahisi na kwa kuanza sio dhambi, ila ukizoea hamia Ads Manager, sehemu ya Meta ya kuendeshea matangazo, kule unaweza kujaribu picha mbili tofauti kwa wakati mmoja. Badilisha kitu kimoja kimoja, na ukishawasha liache siku kadhaa, kulizima na kuliwasha kila baada ya masaa matatu kunalirudisha nyuma.

Kuna chombo kinaitwa Meta Ad Library, kipo wazi kwa kila mtu. Andika jina la mshindani wako uone matangazo anayoyaendesha sasa hivi na tarehe aliyoanza. Tangazo ambalo mtu analilipia miezi minne mfululizo mara nyingi linamlipa, soma anasemaje.

Hesabu yake ni hii. Umetumia 100, wakaandika watu 20, wakanunua 4. Kila mnunuzi amekugharimu 25. Kama faida yako kwa pea moja ni 40 endelea na uongeze kidogokidogo. Kama faida ni 15 unawalipa watu wavae viatu vyako, simamisha. Lakini kabla hujasimamisha angalia wale 16 walioandika na hawakununua, soma chati zao. Kama walijibiwa "zipo" alafu kimya, tangazo halina kosa.

Folowazi wa kununua sina la kusema zaidi ya usinunue, hawana miguu ya kuvaa viatu. Na promota, yaani mtu mwenye folowazi wa kukutangazia, ukimtaka, tafuta mdogo ambaye komenti zake watu wanauliza maswali, muombe skrinishoti ya takwimu zake kabla ya kulipa, akutangaze akionyesha wazi kwamba ni tangazo.

Hatua ya 9: Lalamiko likija mbele za watu

Mtu amekomenti "nililipia wiki iliyopita mpaka leo sijaona mzigo". Kidole kinakimbilia kufuta. Usifute, atarudi na marafiki zake na skrinishoti ya kufutwa. Jibu hapohapo, kifupi, bila kujitetea: "Pole sana, hapa tumechelewa sisi. Nakupigia sasa hivi kwa namba uliyotumia kuagiza." Alafu mpigie kweli. Ikiisha rudi kwenye ileile komenti uandike kilichofanyika, wanaosoma kimyakimya ni wengi kuliko huyo mmoja na wanapima hapo watatendewaje mambo yakiharibika. Matusi futa, hayo hayana mjadala.

Hatua ya 10: Linda ulichojenga

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima zote kwa pamoja kama masaa sita dunia nzima. Aliyekuwa na namba za wateja kwenye daftari alipiga simu akaendelea. Kwa hiyo kila mwisho wa wiki hamishia oda zako kwenye daftari au faili: jina, namba, alichonunua, tarehe, alikuona wapi. Hiyo safu ya mwisho iulize kila mteja, "ulituona wapi?", baada ya miezi michache itakuonyesha mtandao gani unakulisha na upi unakuchosha bure.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani mbali na nywila inaombwa na namba ya siri, kwenye akaunti zote leo, pamoja na barua pepe iliyosajili hizo akaunti, maana mwizi akishaichukua hiyo anazichukua zote. Namba ya siri inayokuja kwa meseji haupewi ili umtumie mtu, hata akijitambulisha ni mfanyakazi wa mtandao wenyewe. Meseji inayosema umevunja haki miliki na akaunti itafungwa ndani ya masaa 24 usipobonyeza linki, usibonyeze, ingia mwenyewe kwenye mipangilio ya akaunti uangalie kama kuna onyo lolote. Ukiajiri wa kukusaidia kupost mpe ruhusa yake kupitia mipangilio ya ukurasa, nywila baki nayo, siku akiondoka unaondoa ruhusa yake tu. Na mteja akikutumia picha ya muamala usiachie mzigo kwa kuangalia picha, angalia salio lako, ukiiona hela ndo ufunge.